Seva ya Barua Pepe Inapofungwa kwa Matengenezo: Yanayomhusu Mkazi
Maelezo kwa wakazi wa Kahawa Sukari, Kaunti Ndogo ya Ruiru



Kila mkazi wa hapa analijua tangazo la Kenya Power la kukatizwa kwa stima. Hutaja siku, saa ya kuanza, saa ya kumaliza na mitaa itakayoguswa. Kinyozi huwaambia wateja wake waje mapema, mwenye buchari hupunguza nyama ya siku hiyo, na mzazi hupiga pasi sare za shule usiku uliotangulia. Stima hupotea, lakini hakuna anayeshtuka. Ikipotea bila tangazo, hata kwa saa moja, hasara huwa kubwa kuliko ile ya siku nzima iliyotangazwa.

Mazungumzo ya leo yanahusu kukatizwa kwa aina nyingine: ofisi ya umma inapofunga seva ya barua pepe ili kutengeneza hifadhidata yake. Huduma hii nayo inahitaji tangazo la namna ileile, kwa sababu kwa wengi barua pepe ndiyo mlango wa ofisi.

Kwanza, kwa nini seva ifungwe? Seva ni kompyuta inayopokea, kuhifadhi na kugawa barua. Katika mifumo mingi, barua za maafisa pamoja na viambatisho vyake hukaa ndani ya faili kubwa, yaani hifadhidata. Afisa anapofuta barua, faili hiyo haipungui ukubwa. Huacha nafasi tupu ndani yake, kama ghala lililotolewa magunia: magunia yameondoka, lakini ghala ni lilelile. Nafasi hizo hujazwa na barua mpya, na usafi mdogo hufanyika kila usiku bila kufunga chochote.

Miaka ikipita, usafi huo huenda usitoshe. Faili inaweza kukaribia kujaza diski, au sehemu yake ikaharibika kwa sababu stima ilipotea ghafla au diski imechakaa. Kuibana au kuikarabati hakuwezekani huku barua zinaingia na kutoka. Lazima ifungwe kwa muda. Usipoziba ufa utajenga ukuta: diski ikijaa kabisa, huduma husimama yenyewe, na haichagui saa wala siku.

Pili, je, barua inayotumwa wakati seva imefungwa hupotea? Hapana, ikiwa kazi imepangwa vizuri. Kwa kanuni za barua pepe zinazofuatwa duniani kote, seva ya mtumaji ikikosa jibu huiweka barua kwenye foleni na kujaribu tena na tena, kwa kawaida kwa siku 4 hadi 5, kabla ya kukata tamaa na kumrudishia mwenyewe. Saa chache za usiku si kitu mbele ya siku hizo. Hatari iko kwingine: fundi akiacha mtambo ukijibu kwamba anwani haipo, jibu hilo huchukuliwa kuwa la mwisho na barua hurudi papo hapo. Kwa hiyo mpango mzuri huhakikisha mtambo unajibu "jaribu baadaye", wala si "hayupo".

Tatu, ni siku gani inafaa? Jibu limo katika kalenda ya wananchi kabla ya kuwa katika kalenda ya mafundi. Miezi ya Januari hadi Machi ni msimu wa leseni za biashara na kodi za ardhi. Rasimu ya bajeti hupelekwa katika Bunge la Kaunti kufikia Aprili 30. Mwaka wa fedha hufungwa Juni 30, wakati wauzaji bidhaa wanafuatilia malipo yao. Mpango wa maendeleo wa mwaka huwasilishwa kufikia Septemba 1. Karibu na siku hizo, maoni na maombi ya wananchi huwa mengi, na seva haifai kuguswa isipokuwa kwa dharura. Usiku wa Jumamosi kuamkia Jumapili, katikati ya mwezi usio na shughuli hizo, hufaa zaidi: kazi ikichelewa, Jumapili nzima bado ipo kabla ya ofisi kufunguliwa.

Nne, kazi itachukua muda gani? Muda hupimwa, haubahatishwi. Chukua mfano wa hifadhidata ya gigabaiti 120. Fundi hufanya jaribio kwenye nakala na kuona kwamba mtambo wake unabana gigabaiti 20 kwa saa. Hizo ni saa sita. Aongeze saa mbili za kuchukua nakala ya akiba kabla ya kuanza, saa moja ya kukagua, na saa tatu za kurudisha nakala ya zamani iwapo mambo yataharibika. Jumla ni saa 12. Basi tangazo la kweli litasema "saa nne usiku Jumamosi hadi saa nne asubuhi Jumapili". Likisema saa sita pekee, limewadanganya wananchi hata kabla kazi haijaanza.

Kabla ya usiku huo kuna maswali ambayo msimamizi wa ofisi anapaswa kumwuliza fundi. Je, ipo nafasi ya kutosha kwenye diski? Kubana faili huhitaji nafasi tupu inayozidi kidogo ukubwa wa faili yenyewe. Je, nakala ya akiba imewahi kufunguliwa ikaonekana kuwa nzima, au imewekwa tu? Je, Kenya Power imetangaza kukatiza stima wakati huohuo, na jenereta ina mafuta? Ni saa ngapi fundi atakiri kwamba kazi haiendi na kurudisha nakala ya zamani? Na swali la kwanza kuliko yote: je, haiwezekani kuunda hifadhidata mpya na kuhamisha barua za afisa mmoja mmoja, ili ofisi nzima isifungwe? Mara nyingi inawezekana, mradi kuwe na diski ya ziada.

Tano, na hapa ndipo penye uzito kwa mkazi, ni suala la siku za mwisho. Tangazo la kubadilisha matumizi ya ardhi, kwa mfano kiwanja cha nyumba ya familia moja kinapotakiwa kuwa cha ghorofa za kupangisha, huwapa majirani siku 14 za kuwasilisha maoni au pingamizi. Jirani akituma pingamizi lake usiku wa siku ya 14, seva ikiwa imefungwa, barua itafika siku ya 15. Hakukosea yeye, lakini rekodi itaonyesha amechelewa. Vilevile, Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016 huipa ofisi ya umma siku 21 kujibu ombi la habari, na saa 48 ikiwa habari hiyo inahusu uhai au uhuru wa mtu. Ombi la namna hiyo haliwezi kusubiri foleni.

Ndiyo sababu mpango kamili una mambo mawili zaidi ya kazi ya fundi. La kwanza, siku ya mwisho yoyote inayoangukia muda wa kufungwa isogezwe mbele, na tangazo liseme hivyo waziwazi. La pili, pawe na mlango mwingine: nambari ya simu yenye mtu wa kuipokea, na karani wa kupokea barua za karatasi na kuzipiga muhuri wa tarehe. Julai 2023, shambulio la mtandaoni lilipotatiza eCitizen, wananchi walikwama bila onyo. Yale hayakuwa matengenezo, lakini yalionyesha hali ya mtu anayebaki na mlango mmoja tu.

Mkazi naye ana sehemu yake. Asingoje siku ya mwisho. Ahifadhi barua aliyotuma, pamoja na tarehe na saa yake. Asipopata jibu siku tatu za kazi baada ya huduma kurudi, apige simu au afike ofisini. Tena ajihadhari: matapeli hupenda nyakati kama hizi. Ujumbe unaodai "mfumo unatengenezwa, tuma neno lako la siri" au "lipa kupitia nambari hii mpya" ni wa wizi. Fundi wa kweli hahitaji neno la siri la mwananchi.

Wakazi wa Kahawa Sukari wana haki ya kudai kutoka kwa kila ofisi ya umma kile wanachokipata kwenye tangazo la stima: siku, saa, huduma zitakazoguswa na mahali pa kwenda. Seva ikifungwa kwa mpango, Jumatatu asubuhi barua zote huwa zimefika, na wala hakuna aliyepoteza haki yake usiku ule.