Tulipunguza Kilo Zetu Wenyewe, Bila Klabu

(Mazungumzo yaliyosomwa mbele ya wanakisomo katika maktaba ya kijiji)



Sisi tunaozungumza nanyi ni wawili, mtu na wifi yake. Wengi mnatufahamu. Mmoja wetu ni yule anayeuza maandazi gulioni chini ya mkwaju. Mwingine ni mkulima wa pamba na mpunga, na ndiye aliyekuwa akitembea kwa fimbo mwaka juzi kwa ajili ya goti. Tumeombwa tueleze jinsi tulivyopungua. Maneno haya tumeyaandika pamoja, kwa hiyo tutasema "sisi" tu. Mkisikia "mmoja wetu", msiulize ni yupi. Mengine ni aibu.

Kwanza tuseme sababu, maana hatukuanza kwa ajili ya urembo.

Mwaka 2019 mama yetu alianguka uani akianua mtama. Tunaposema mama yetu ni mzazi wa mmoja na mkwe wa mwingine. Upande wa kulia ulikufa, na maneno yakapotea. Hospitali walisema ni kiharusi, na chanzo chake ni shinikizo la damu ambalo yeye hakujua kama analo. Alikuwa mama mnene, na sisi sote tulijivunia unene ule. Alilala miezi kumi na minne. Kumgeuza kitandani asipate vidonda kulitaka watu wanne, sisi wawili na vijana wawili. Usiku vijana wakiwa hawapo tulishindwa. Tulikaa pale tunalia, na yeye anatutazama tu.

Baada ya arobaini tulikwenda zahanati kupima. Kipimo cha shinikizo kina namba mbili. Ya juu ikifika 140, au ya chini ikifika 90, na ikawa hivyo kila unapopimwa, basi unao ugonjwa. Mmoja wetu alikuwa na 168 kwa 104. Mwenzake alikuwa na 150 kwa 96. Wala hatukuwa tunaumwa kichwa! Mganga alitupa vidonge, kisha akatutazama toka juu hadi chini akasema, "Vidonge nitawapa mimi, lakini hizo kilo hakuna wa kuwapunguzia."

Tulirudi kimya. Njiani mmoja akasema, "Wifi, watoto wetu watatugeuza na nani?" Hapo ndipo tulipoanza.

Mama yetu alipata kutusimulia habari za mwaka 1973, walipokusanyika kusikiliza redio katika kampeni ya Mtu ni Afya. Walichimba vyoo, wakafyeka majani kuzunguka nyumba. Mwaka 1975 ikaja Chakula ni Uhai. Wakati ule hofu kubwa ilikuwa njaa na utapiamlo wa watoto. Utapiamlo haujaisha, lakini sasa umepata mwenzake. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015 na 2016 ulionyesha kuwa kati ya wanawake 100 wa Tanzania wenye umri wa miaka 15 hadi 49, wanawake 28 walikuwa na uzito uliozidi. Na msidhani wote hao ni wa Dar es Salaam.

Sasa mtu atajuaje kama amezidi? Tulipimwa kwenye mizani ya pamba ya chama cha msingi, ile ya kusimama chini. Mmoja alikuwa na kilo 91, mwingine 84. Kisha mwalimu akatufundisha hesabu yake. Chukua urefu wako kwa mita, uuzidishe kwa wenyewe, halafu ugawe kilo zako kwa jibu hilo. Wa kilo 91 ana urefu wa mita 1.58. Mara 1.58 tena unapata 2.5 hivi. Kilo 91 gawa kwa 2.5 ni 36. Jibu linatakiwa liwe chini ya 25. Likifika 30 huo ni unene wa hatari.

Asiyependa hesabu atumie kamba. Jipime urefu kwa kamba, toka kisigino hadi utosini. Ikunje kamba katikati iwe nusu. Zungusha nusu hiyo kiunoni, juu kidogo ya kitovu, bila kuvuta tumbo ndani. (Mnacheka, lakini wote huvuta.) Ncha zikikutana, vizuri. Zisipokutana, mafuta ya tumboni yamezidi, na hayo ndiyo mabaya zaidi kwa moyo na kwa ugonjwa wa sukari. Zetu ziliachana upana wa kiganja na zaidi.

Binti yetu aliyeko mjini alituambia kuna klabu ya kupunguza uzito. Unalipa ada kila mwezi, unapimwa kila wiki, unapewa karatasi ya vyakula. Ada yenyewe tungeweza labda kuichanga, lakini nauli ya kwenda na kurudi kila wiki ingetumaliza. Na karatasi yenyewe aliyotutumia ilitaja vyakula ambavyo hapa hata dukani havijulikani.

Lakini tulitaka kujua klabu hizi zilitoka wapi, tukaulizia. Ile inayojulikana sana duniani, Weight Watchers, ilianzishwa Marekani mwaka 1963 katika jiji la New York. Aliyeianzisha ni mama wa nyumbani, Jean Nidetch. Alikuwa mnene, na alikuwa akila biskuti kwa kujificha. Alianza kwa kuwaita rafiki zake nyumbani kwake, wakae waambiane ukweli. Ada na ofisi vilikuja baadaye. Tuliposikia hivyo tulitazamana. Watu wa kuambiana ukweli si sisi hapa? Wifi gani atakuficha kuwa umenenepa?

Kabla ya kuanza vizuri tulikosea jambo moja, nalo tulieleze ili lisiwapate. Gulioni alikuja kijana na chai ya vipakti, ati inayeyusha tumbo kwa siku kumi. Mmoja wetu alitoa shilingi elfu thelathini. Siku nne alishinda chooni. Alipopanda mizani alikuwa amepungua kilo mbili, akafurahi. Wiki iliyofuata zote zilirudi. Mganga alieleza kuwa yale yalikuwa maji ya mwili tu. Dawa ya kuharisha haiyeyushi mafuta, na ukizidisha utaharibu chumvi za damu, moyo ukakusumbua. Elfu thelathini zile bado zinatuuma.

Basi tulinunua daftari. Hapa ndipo kusoma na kuandika kulipotusaidia. Tulipatana kuandika kila kitu kinachoingia kinywani kwa siku saba, bila kubadili ulaji. Kila jioni tulibadilishana madaftari, kila mtu akasoma la mwenzake.

Tulidhani kosa litakuwa ugali. Kumbe! Mezani tulikula kama watu wengine. Muuza maandazi alikuwa akila yale yaliyovunjika, maana mteja hayataki. Aliandika: Jumatatu matatu, Jumanne mawili, Jumatano, siku ya gulio, sita. Sita! Yeye mwenyewe angeapa kuwa hajala kitu toka asubuhi. Mwenzake alikuwa akimalizia sahani za wajukuu, ukoko wa wali, na kiporo cha asubuhi ili kisimwagwe. Tumelelewa tusitupe chakula, ni kweli, lakini tumbo la bibi si debe la makombo. Siku hizi makombo wanakula kuku.

Halafu chai. Vikombe vitatu kwa siku, kila kikombe vijiko vinne vya sukari, ni vijiko kumi na viwili. Kijiko kidogo ni gramu nne hivi. Ni karibu gramu 50 za sukari kwa siku, ndani ya chai peke yake.

Na mafuta ya kupikia. Dumu la lita tano lilikuwa likiisha wiki tatu katika nyumba ya watu saba. Tuligawanya: kila mtu alikuwa akila zaidi ya vijiko viwili vikubwa kila siku. Nguvu iliyomo katika chakula hupimwa kwa kalori, kama maji yanavyopimwa kwa lita. Gramu moja ya unga au sukari ina kalori nne. Gramu moja ya mafuta ina tisa. Kijiko kimoja kikubwa cha mafuta kina kama 120. Usipoitumia nguvu hiyo, mwili unaiweka akiba, na akiba yenyewe mnaiona hapa kiunoni. Kilo moja ya mafuta ya mwilini ni kalori kama 7,700. Ndiyo maana haiondoki kwa siku mbili.

Hatukuanzisha vyakula vipya. Sukari tulishusha kijiko kimoja kila wiki mbili, mpaka kikabaki kimoja. Wiki ya kwanza chai ilikuwa kama maji ya kunawia. Sasa tukipewa chai ya wageni tunaona ni asali. Mafuta tulianza kupima kwa kijiko badala ya kumimina, na dumu lile lile sasa linakwenda wiki saba. Dagaa tunachemsha kwa nyanya na kitunguu. Ugali tulipunguza kwa theluthi, mboga tukazidisha mara mbili: mlenda, mchicha, majani ya maboga, maharage. Chumvi pia tulipunguza, kwa ajili ya shinikizo. Inatakiwa isizidi kijiko kimoja cha chai kwa mtu kwa siku, pamoja na ile iliyokwisha kutiwa jikoni. Viazi vitamu na matobolwa hatukuacha, ila tunakula kama chakula, si kama karanga za kutafuna tukiongea.

Kula usiku ndiko kulikotushinda muda mrefu. Tusiseme uongo. Mmoja wetu alikuwa akiamka saa tano kutafuta uji.

Kutembea nako tulirudia. Zamani tulichota maji mtoni, tukapeleka mahindi mashineni kichwani. Maji ya bomba yamekuja, na hatuyalaani, tuliyaomba miaka mingi. Lakini pamoja na bomba ikaja bodaboda, na gulio la kilometa tatu tukawa tunabebwa. Sasa tunakwenda kwa miguu na kurudi. Wiki za mwanzo goti lilipiga kelele. Tulikwenda pole pole, tukapumzika kwenye daraja. Mganga alituambia kila kilo moja unayopungua, goti linatuliwa mzigo wa kilo nne katika kila hatua, na hilo tuliliona wenyewe: kufika mwezi wa tano fimbo ilibaki nyumbani. Ila msidanganyike kuwa kutembea kunatosha. Saa nzima ya kutembea huondoa kalori mia mbili na hamsini au tatu, na maandazi mawili makubwa yanazirudisha zote kabla hujakaa.

Tulilenga nusu kilo kwa wiki. Wiki nyingine haikupungua hata kidogo. Mwisho wa mwaka wa kwanza wa kilo 91 alikuwa na 78. Wa kilo 84 alifika 75, kisha zikaja harusi mbili na mavuno, akarudi 79. Yupo hapo hapo hadi leo, na anasema hatatoa maelezo zaidi. Shinikizo la aliyekuwa na 168 sasa ni 138 kwa 86. Vidonge anameza bado, mganga amepunguza kimoja tu. Tafadhali, mtu asiache vidonge kwa kuwa amepungua. Mganga ndiye anayepunguza.

Sasa tuseme lile ambalo wengi mnalijua na mnatuogopa kulisema. Tulipopungua, maneno yalienea. "Wamekwisha." "Wameshaanza dawa." Jirani mmoja alituletea kuku kwa huruma, akakaa, akatushika mkono kwa muda mrefu. Kuku tulimla, bila ngozi. Na mume wa mmoja wetu, ambaye ni kaka wa mwingine, alikasirika. Alisema, "Nikikupeleka kwenu, wakweze si watasema sikulishi?" Usiku ule walikosana, na asubuhi dada mtu alikwenda kusema naye. Alimwuliza, "Kaka, unakumbuka tulivyomgeuza mama?" Hakujibu. Tangu siku ile hakusema tena, na hata chai yake imekuwa ya vijiko viwili.

Kuhusu virusi vya ukimwi, tulikwenda kupima, na majibu ni yetu. Hatukuwaonyesha watu karatasi, wala hatutawaonyesha. Anayemeza dawa za virusi leo anaweza kuwa mnene kuliko wewe, na aliyekonda anaweza kuwa mzima. Mwili hauna maandishi.

Wapo ambao jambo hili haliwahusu. Mjamzito na anayenyonyesha asipunguze chakula. Watoto wadogo msiwapunguzie mafuta ya uji, wanayahitaji wakue. Mwenye ugonjwa wa sukari anayetumia sindano au vidonge aende kwanza zahanati, maana akipunguza chakula bila kubadilishiwa dawa anaweza kuzimia. Na mtu akipungua bila kukusudia, huku anakohoa au ana homa, huyo aende kupima mara moja.

Msimu wa pamba unafunguliwa wiki ijayo. Karani wa chama amekubali kutupima sote Jumamosi saa mbili asubuhi, kabla ya wakulima hawajaanza kuleta mizigo. Kila mtu aje na daftari na mwenzake mmoja. Karani ameahidi kuandika kilo kwenye kikaratasi na kukukabidhi mkononi. Mwaka jana alizitaja kwa sauti, tukagombana naye.