Hotuba kwa Watumishi na Wakazi wa Mkata: Kumfahamu Mwanafunzi Mgeni



Wakimbizi wa Somalia walipofika Handeni kufuatia vita vya 1991, ilikuwa rahisi kuwadhania wageni kabisa. Kumbe miongoni mwao walikuwamo wasemaji wa Kizigua, lugha waliyoihifadhi mababu zao waliouzwa utumwani karne ya 19 na kuishi kando ya Mto Juba. Baadaye walipewa makazi Chogo.

Kwa hiyo, asili ya mwanafunzi haitambuliwi kwa mavazi wala kwa hati ya kusafiria. Walimu na wenyeji mnaombwa kumwuliza kwa heshima lugha ya nyumbani kwao na desturi zake, nanyi mmweleze zenu. Asiyeulizwa huweza kubaki mgeni hata miongoni mwa nduguze.