Pensheni ya Mkulima

Leo jembe tuliweke kando kidogo, tuzungumze juu ya uzee.

Juzi nilikuwa Dole kwa mzee mmoja anayechuma karafuu tangu yu mtoto. Nilikwenda kumtazamia mikarafuu yake. Akaniambia, "Bwana shamba, hiyo si yangu sasa. Nimeikodisha misimu mitatu. Bibi yako alikuwa mgonjwa." Pesa alizipata kwa mkupuo, zikesha hospitali. Aliyekodi ndiye anayechuma.

Ndugu yake mzee huyo alikuwa tarishi wa ofisi. Yeye hupokea pensheni kila mwezi, ingawa ndogo, maana hata mshahara wake ulikuwa mdogo. Wote wawili wamefanya kazi, tena yule wa shamba alianza mapema zaidi.

Tofauti iko wapi? Pensheni hutoka katika mshahara. Mfuko wa Hifadhi ya Jamii Zanzibar, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 1998, hupokea kila mwezi mchango wa mfanyakazi na wa mwajiri wake. Mkulima hana mwajiri wala mshahara wa kukatwa. Na karafuu mnaijua wenyewe: mwaka huu mti unazaa mpaka matawi yanainama, mwaka wa pili pishi mbili tatu basi.

Wapo wasemao mkulima hajui kuweka akiba. Mimi sikubali. Katika miaka ya 1970 alilipwa sehemu ndogo tu ya bei ya karafuu katika soko la dunia. Ilipofika miaka ya 1980, Indonesia, mnunuzi wetu mkubwa, ikajitosheleza kwa karafuu zake, bei ikaanguka. Wazee wa leo ndio vijana waliochuma wakati ule. Akiba wangeiweka kwa kipi?

Mwaka 2016 Serikali ilianzisha Pensheni Jamii kwa wazee waliotimiza miaka 70, aliyeajiriwa na asiyeajiriwa. Zilikuwa shilingi 20,000 kwa mwezi, zikakaa hapo hapo miaka huku mchele ukipanda bei, baadaye zikafanywa 50,000. Zinasaidia, sisemi hazisaidii. Lakini mgongo wa mkulima hausubiri miaka 70, unachoka kwenye 60. Miaka ile 10 ya katikati ndiyo inayokodisha mikarafuu!

Basi wewe uliye na miaka 40 au 50, panda miche sasa, katika nafasi za mikarafuu iliyokufa, chini ya kivuli cha migomba. Mkarafuu huanza kuzaa baada ya miaka 6 hadi 8. Ukiupanda na miaka 50, utauchuma hujafika 60. Halafu nenda kwenye ule Mfuko ukaulize mpango wa hiari, ambao hata asiye na mwajiri huchangia mwenyewe.

Tazama pia kitambulisho chako, mwaka wa kuzaliwa umeandikwa sawa? Kosa hilo lirekebishe mapema, usingoje kufika 70.

Na ikibidi kukodisha, kodisha miti michache, msimu mmoja, kwa maandishi mbele ya sheha. Yule mzee wa Dole hakuandikiana na mtu, na sasa mwenzake anadai ni misimu minne.

Wanaotaka kujua namna ya kutunza miche wanikute hapa Kizimbani asubuhi, kabla masika hayajaanza.