Namba Juu ya Mistari Sita

Wiki hii naomba tuweke kando bei ya korosho, tuzungumzie gitaa.

Katika umri wa miaka arobaini na ushei nimeanza kujifunza kupiga gitaa hapa Mtwara. Wenzangu kazini wananicheka, eti vidole vyangu vimekwisha kukomaa kwa kushika kalamu. Waacheni wacheke. Elimu haina mwisho.

Mwalimu wangu ni kijana wa rika la mwanangu. Hakuniletea nota za vitabu vya piano, aliniletea karatasi yenye mistari sita na namba. Utaratibu huu huitwa tabulatura. Kila mstari ni uzi mmoja wa gitaa: wa juu kabisa ni uzi mwembamba, wa chini kabisa ni uzi mnene. Hapo ndipo wanaoanza hubabaika, kwani ukilipakata gitaa, uzi mnene ndio ulio juu, karibu na kidevu. Namba hukuambia ubane uzi kwenye chumba cha ngapi, ukihesabu vile vyuma vya shingoni. Sifuri maana yake piga bila kubana. Namba zikikaa moja juu ya nyingine, nyuzi hizo hulia pamoja.

Wala si jambo la juzi. Mwaka 1507, mjini Venice, Ottaviano Petrucci alichapa vitabu vya mtindo huo kwa ajili ya luti, ala iliyotokana na udi, ndugu wa huu tunaousikia kwenye taarabu.

Lakini kuna tatizo. Tabulatura nyingi ambazo vijana huzipata katika simu zinaonyesha mahali pa kuweka kidole, hazisemi sauti ikae kwa muda gani. Mwanakwaya anayesoma do, re, mi ana nukta zinazompimia mapigo, ila hakuna anayemwambia aweke wapi kidole. Mwenye gitaa ana mahali, hana mapigo. Asiyewahi kuusikia wimbo atazipiga namba zote sawasawa, na mwenye wimbo asiutambue.

Kwa hiyo karatasi haitoshi bila sikio. Watu wa pwani tunalijua hilo. Mtoto wa madrasa ana msahafu mbele yake, na bado humsomea mwalimu ili ulimi wake unyooshwe. Maandishi yanatunza, mwalimu anasahihisha.

Sasa nifike kwenye hoja yangu. Mwaka 1952 Hugh Tracey alimrekodi Mwenda Jean Bosco katika mji uitwao leo Likasi, nchini Kongo. Bwana yule alipiga kwa kidole gumba na cha shahada tu, ukadhani wanapiga watu wawili. Mwaka 1961 na 1962 msomi David Rycroft alichapisha upigaji wake ukiwa umeandikwa kwa nota. Mwenda alifariki mwaka 1990, lakini mwanafunzi yeyote duniani anaweza kumsikiliza, akasoma, akajaribu.

Je, sisi? Kutoka Mikindani hadi Msimbati, hadi vijiji vya mdomo wa Ruvuma, wapo wazee waliopiga gitaa kwenye ngoma na harusi, ambao hakuna studio iliyowahi kuwaita. Mzee wa namna hiyo akifariki, upigaji wake unazikwa naye. Hatutaweza kuufukua.

Dawa yake haihitaji bajeti wala semina. Vijana wawili, daftari moja, simu moja. Mmoja arekodi, ndiyo sikio. Mwingine achore mistari sita, atazame vidole vya mzee, aandike namba, kisha ampigie mzee alichoandika. Mzee akitikisa kichwa, wafute waandike upya. Na waandike jina lake juu ya ukurasa, maana nyimbo zisizo na jina huokotwa na wajanja.

Mimi bado nahesabu vyumba kwa kidole. Lakini nyumba ya mzee wa kwanza nimekwisha kuulizia. Wewe je, mtaani kwako yupo nani?