Viumbe Waotao Viungo Vipya

Mtu akikatwa kidole kizima, kidonda hupona lakini kidole hakirudi. Mjusi amemshinda mtu kidogo: akishikwa huuacha mkia wake ukipapatika, akaokoa roho yake, na baadaye mkia mwingine huota. Walakini wako viumbe wanyonge kuliko mjusi, ambao katika jambo hili wamepewa uwezo wa ajabu zaidi.

Katika mwaka 1740, Abraham Trembley, mzaliwa wa Geneva, alikuwa akifundisha watoto wa bwana mmoja mkubwa huko Uholanzi. Aliona majini kiumbe kidogo cha rangi ya majani, chenye mikono myembamba kama nyuzi, asijue kama ni mmea au mnyama. Akawaza kwamba mmea ukikatwa huchipuka, lakini mnyama hufa. Basi akakikata vipande viwili. Baada ya siku chache, kipande chenye kichwa kilikuwa kimeota mkia, na chenye mkia kimeota kichwa. Hata hivyo kiumbe hicho kilitembea na kukamata chakula kama mnyama. Kipimo alichokitegemea kilikuwa kimevunjika, na wataalamu wa Ulaya wakastaajabu. Kiumbe hicho ndicho haidra.

Jambo hilo liliwatia hasara wavuvi wa chaza. Kiti cha pweza hula chaza, na zamani wavuvi waliomkamata walimkata vipande kwa hasira na kumtupa tena baharini. Hawakujua kwamba kipande chenye sehemu ya kati ya mwili huweza kuota mikono mipya. Hivyo waliodhani wanamwua adui mmoja pengine walijiongezea wawili. Dawa ilikuwa kumtoa majini kabisa.

Wako pia minyoo bapa wa maji baridi. Mwaka 1898 Thomas Hunt Morgan wa Marekani alieleza kwamba kipande kidogo kama sehemu moja katika 279 za mnyoo huyo kiliweza kuwa mnyoo mzima. Siri yake ni chembe za mwili ambazo bado hazijapewa kazi maalum. Mnyoo akikatwa, chembe hizo huongezeka karibu na jeraha, kisha nyingine huwa ngozi, nyingine nyama, nyingine mishipa ya fahamu.

Mwanadamu naye hakunyimwa kabisa. Ini lililokatwa sehemu hukua tena, na ncha ya kidole cha mtoto mdogo huweza kuota upya. Wataalamu wanachunguza kwa nini uwezo huo umekomea hapo, ili siku moja majeruhi wapate faida. Lakini hata siku hiyo ifike, ashikaye panga na avitunze vidole vyake, kwa kuwa yeye si haidra.