Anayekushinda Mtazame Mazoezini



Mwaka 1996, nikiwa kidato cha tatu, niliongoza bendi ya shule hii. Shule moja ya Iringa ilikuwa ikitushinda kila mwaka. Nikawatuma vijana wawili waende kuitazama siku ya mashindano. Walirudi na habari za kofia, mikanda na wimbo. Tukachanga fedha, tukashona kofia zile zile, tukapiga wimbo ule ule, hapa Mbeya, mbele ya wenyewe. Uwanja mzima ulicheka. Kosa lilikuwa langu.

Chuo Kikuu nilisoma habari za beni, ngoma iliyoanza pwani ya Kenya miaka ya 1890 kwa kuiga bendi za kijeshi. Marini na Arinoti walishindana kwa sare, vyeo na gwaride. Vita Kuu ya 1914-1918 ikaisambaza bara. Kandokando ya Ziwa Nyasa watu wakacheza mganda: badala ya matarumbeta waliimbia ndani ya vibuyu. Nidhamu waliichukua kwa askari. Sauti ilikuwa yao.

Miaka mingi baadaye nilikutana kazini na mpigaji mmoja wa ile bendi ya Iringa. Akaniambia, "Sisi tulifanya mazoezi kila alfajiri, ngoma peke yake, bila tarumbeta, mpaka miguu ikubali." Vijana wangu hawakuliona hilo, kwa kuwa niliwatuma siku ya makofi.

Ndugu wanafunzi, msirudie kosa langu.