Kesi Kubwa na Mji Mdogo



Jioni hii tumepewa nafasi ya kusema juu ya kesi kubwa na imani ya watu. Tumechagua habari za Bariadi, mji wa pamba na minada ya ng'ombe katika nchi ya Wasukuma, ambao ndio makao makuu ya mkoa wa Simiyu tangu mkoa huo ulipoundwa mwaka 2012. Kabla ya hapo Bariadi ilikuwa wilaya ya mkoa wa Shinyanga. Jambo hilo laonekana dogo, lakini lina maana, kwa kuwa aliyetaka kusikia hesabu ya damu iliyomwagika Bariadi hakuwa na budi kufunga safari mpaka Shinyanga.

Novemba 2008 mtu mmoja mwenye ualbino aliuawa katika kijiji kimoja cha wilaya ya Bariadi. Siku zile katika nchi za Ziwa watu wa namna yake waliwindwa, maana waganga waongo walikuwa wamewasadikisha watu kwamba viungo vyao huleta utajiri. Novemba 2009 Mahakama Kuu, huko Shinyanga, iliwahukumu watu wanne kunyongwa. Septemba ya mwaka huo huo, huko Kahama, watatu walikuwa wamehukumiwa vivyo hivyo kwa kumwua mtoto mwenye ualbino.

Habari hizo zilifika hata Ulaya. Sasa, waandishi wa habari, na wa hadithi pia, wana desturi moja juu ya miji midogo: ama huifanya bustani ya watu wema wasiojua ubaya, ama huifanya pango la giza. Bariadi ilipewa giza. Mwenyeji asomapo hajioni humo. Hamwoni mwalimu, wala mkulima wa pamba, wala jirani aliyekubali kutoa ushahidi huku akijua kwamba atarudi kulala kijini kile kile.

Shaaban Robert alifanya vingine. Katika Kusadikika, kitabu kilichotoka mwaka 1951, Karama ashitakiwa kwa kosa la kufundisha uanasheria, naye ajitetea siku baada ya siku mbele ya baraza lililojaa watu. Nchi yenyewe yaelea angani, haimo katika ramani yoyote. Lakini tumeona wanafunzi wa Usukumani wakiitambua mara moja. Twadhani sababu yake ni kwamba mwandishi hakumpa msomaji hukumu peke yake. Alimketisha barazani, asikie neno kwa neno.

Nao watu wa Usukumani wana sababu ya kutaka kusikia. Mwaka 1976, katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga, watu wengi walikamatwa kwa kushukiwa mauaji ya wale waliodhaniwa wachawi. Baadhi yao waliteswa mikononi mwa wakuu, na wengine wakafa kabla ya kumwona hakimu. Januari 1977 Waziri wa Mambo ya Ndani, Bwana Ali Hassan Mwinyi, alijiuzulu kwa sababu ya matendo ya watu walio chini yake. Mwaka 1985 akawa Rais. Maofisa wa polisi na usalama walishitakiwa, na baadhi yao wakatiwa hatiani. Serikali kuwashitaki watumishi wake si jambo dogo, nasi twalisifu. Lakini imani ikishavunjika hairudi kwa tangazo la redio, ingawa sisi wenyewe twasema haya redioni. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 vijiji vya Usukumani na Unyamwezi viliunda Sungusungu. Walishika pinde na filimbi, wakawafuata wezi wa ng'ombe, wakaamua mashauri wenyewe. Mahali pengi walileta amani. Mahali pengine walimtesa kikongwe asiye na kosa, naye hakuwa na wakili wala rufani.

Turudi kwa wale wanne. Kwa sheria ya wakati ule, jaji wa kesi ya mauaji aliketi pamoja na wazee wa baraza wasiopungua wawili, raia kama sisi, waliotoa maoni yao waziwazi kabla ya hukumu. Maoni hayo hayakumfunga jaji, lakini yalisikika. Ni wangapi wajuao hayo? Tuliwauliza wanafunzi wetu wa ualimu watokao pande za Bariadi. Wote walijua habari za mauaji. Wote walijua neno kunyongwa. Hapana hata mmoja aliyeweza kutaja ushahidi uliomsadikisha jaji. Mmoja akauliza, "Mbona hatukusikia kuwa wamenyongwa?" Swali lake ni la haki. Tangu katikati ya miaka ya 1990 Tanzania haikumnyonga mtu, ingawa adhabu hiyo imo katika sheria. Na asiyeelezwa hayo hudhani kwamba mtu fulani amepokea rushwa.

Tena, hukumu za Mahakama Kuu ziliandikwa kwa Kiingereza. Mwaka 2021 sheria ilibadilishwa, Kiswahili kikawa lugha ya mahakama. Basi twaomba jambo moja tu: hukumu ya tendo lililotendeka kijijini ikasomwe kijijini, pamoja na sababu zake zote, siku ya mnada, watu wakiwapo. Ikiwa jaji hana nafasi ya kufika, mwalimu wa shule aweza kuisoma, nasi tutawafundisha wanafunzi wetu kuisoma vema.